Maisha ya Mchunga Ng'ombe wa Texas: Daniel Webster Wallace

Katika somo la juma hili twataka kusimulia habari za mtu aliyezaliwa mtumwa, akawa mchunga ng'ombe wa mshahara, akafa akiwa mwenye shamba lake la mifugo na baba wa watoto waliosoma. Jina lake lilikuwa Daniel Webster Wallace, na nchi yake ilikuwa Texas, huko Marekani.

Watu wengi wamepata kuona katika sinema wachunga ng'ombe wa Marekani, wavaao kofia pana na kupanda farasi, nao hudhani kwamba wote walikuwa Wazungu na kwamba kazi yao ilikuwa kupigana kwa bastola. Mambo hayakuwa hivyo. Wanahistoria hukadiria kwamba katika miaka ile yapata mmoja kati ya kila wachunga wanne alikuwa mtu mweusi. Na kazi yao ya kila siku ilikuwa ng'ombe, wala si bastola.

UTOTO WAKE

Wallace alizaliwa tarehe 15 Septemba 1860 katika wilaya ya Victoria. Miezi michache kabla ya kuzaliwa kwake, mama yake, aliyeitwa Mary, aliuzwa kwa jamaa ya O'Daniel kama vile mnyama auzwavyo mnadani. Baada ya vita baina ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini, tangazo la uhuru lilisomwa katika Texas tarehe 19 Juni 1865. Mtoto huyo alikuwa hajatimiza miaka mitano.

Uhuru ulikuja, lakini haukuja na ardhi, wala ng'ombe, wala shule. Wengi waliokuwa watumwa walibaki wakilima pamba ya watu wengine. Wallace naye alishika jembe katika mashamba ya pamba kwa ujira mdogo, asiipende kazi hiyo hata kidogo. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, aliondoka akajiunga na watu waliokuwa wakipeleka ng'ombe upande wa magharibi.

KAZI YA MCHUNGA

Yafaa kueleza kwa nini kazi hiyo ilikuwako. Vita vilipokwisha, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi mno wenye pembe ndefu, na bei yao huko ilikuwa ndogo. Miji mikubwa ya kaskazini, kwa upande wake, ilikuwa na haja ya nyama. Tangu mwaka 1867 ng'ombe walipelekwa kwa miguu mpaka Abilene katika Kansas, wakapakiwa katika magari ya moshi. Kundi moja liliweza kuwa na ng'ombe elfu mbili au zaidi, likichungwa na watu kumi au kumi na wawili tu. Kwa siku walikwenda maili kumi au kumi na tano, maana ng'ombe akiharakishwa hukonda, na aliyekonda hana bei.

Usiku wachunga walipeana zamu, wakilizunguka kundi juu ya farasi na kuimba kwa sauti ya chini ili wanyama watulie. Radi moja ilitosha kuwashtua wote wakimbie gizani, na mchunga aliyeanguka mbele yao alikanyagwa. Kuvuka mito iliyofurika nako kulikuwa hatari. Mchunga hodari alijulikana kwa utulivu wake zaidi kuliko kwa nguvu za mikono yake.

Wallace alifanya kazi kwa mabwana kadha wa kadha, kisha akaandikwa na Clay Mann. Bwana huyu aliwatia ng'ombe wake chapa ya tarakimu 80, iliyoonekana wazi ubavuni. Kwa ajili ya chapa hiyo watu walimwita Wallace "80 John", na jina hilo halikumtoka maisha yake yote.

AKIBA YAKE

Mshahara wake kwa Mann ulikuwa dola 30 kwa mwezi. Wachunga wengi walipopata mshahara waliingia mjini, na kabla ya siku tatu kupita fedha ilikuwa imekwisha katika ulevi na kamari. Wallace alifanya shauri jingine. Alipatana na bwana wake ampe dola 5 tu kila mwezi, na zile 25 zilizobaki amwekee. Wakafanya hivyo kwa muda wa miaka miwili. Msomaji na apige hesabu: dola 25 kwa miezi 24 ni dola 600. Kwa fedha hiyo alianza kununua ng'ombe wake mwenyewe.

Lakini ng'ombe pasipo ardhi ni mali ya wasiwasi. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hati ya serikali kwa seng'enge aliyoibuni, na katika miaka iliyofuata malisho yaliyokuwa wazi kwa watu wote yalianza kuzungushiwa ua. Asiye na ardhi alijikuta nje ya seng'enge pamoja na wanyama wake. Mwaka 1885 Wallace alinunua ardhi ya zaidi ya ekari elfu moja, karibu na mahali paitwapo Loraine katika wilaya ya Mitchell.

MTU MZIMA AKETI NA WATOTO

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo wanaume wengi wangeliona haya kulifanya. Akiwa na miaka 25, mrefu wa kimo, mwenye ardhi na ng'ombe, alikwenda wilaya ya Navarro akaingia shuleni katika darasa la pili, akaketi pamoja na watoto wadogo. Alisoma huko kwa majira mawili ya baridi.

Si vigumu kuona faida yake. Akiba yake ya kwanza ilikuwa salama kwa kuwa Mann alikuwa mwaminifu. Lau angalikuwa mdanganyifu, kijana mwenye elimu ndogo angalidai kwa hati gani? Mwenye ardhi hana budi kusoma hati yake, kuhesabu mifugo yake, na kujua anatia sahihi jambo gani.

NYUMBA YAKE

Huko Navarro alikutana na Laura Dee Owens, msichana aliyekuwa akijitayarisha kuwa mwalimu. Wakaoana mwaka 1888. Bibi Laura aliacha mji na jamaa zake, akamfuata mumewe katika nchi kavu ya magharibi, ambako jirani alikuwa mbali na mvua haikuwa ya kutegemewa. Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kike watatu na wa kiume mmoja.

Katika siku zile sheria ya Texas ilitenga shule za watoto weusi na za watoto weupe, na zile za weusi zilikuwa chache na maskini. Juu ya hayo Wallace na mkewe walishika neno moja, kwamba watoto wao, wa kike kama wa kiume, watasoma. Binti yao mmoja, Hettye Wallace Branch, ndiye aliyekuja kuandika maisha ya baba yake katika kitabu kiitwacho The Story of 80 John, kilichotolewa mwaka 1960.

Wallace alivumilia miaka ya ukame na miaka ya bei mbaya. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa mwanachama wa chama kikubwa cha wafugaji wa Texas, jambo lililokuwa adimu kwa mtu mweusi. Alifariki tarehe 28 Machi 1939, akiwa na umri wa miaka 78. Baadaye shule moja ya mji wa Colorado City, katika wilaya ile ile ya Mitchell, iliitwa kwa jina lake.

MAFUNZO YA SOMO HILI

Wazee husema haba na haba hujaza kibaba, lakini hawakusema kibaba kinachovuja. Mshahara wa Wallace haukuwa mkubwa kuliko wa wenzake. Tofauti yao ilikuwa katika siku ya kulipwa. Pili, akiba yake ilikuwa na kusudi: kwanza ng'ombe, kisha ardhi, kisha elimu, kisha nyumba. Tatu, hakuyaweka maarifa kwake peke yake, bali aliwapa watoto wake zaidi ya aliyoyapata yeye. Ng'ombe huweza kufa kwa ukame wa mwaka mmoja, lakini elimu ya mtoto haifi kwa ukame.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Wallace aliomba apewe dola 5 tu kila mwezi?
2. Seng'enge ilibadili namna gani maisha ya wachunga wasio na ardhi?
3. Ni nani kijijini kwenu ambaye angependa kusoma, lakini aona haya kwa sababu ya umri wake? Mtamsaidiaje?