Mwili Usikie Kwanza: Vidokezo kwa Kikundi cha Maigizo

Vikundi vingi huanza kwa kugawana nafasi. Wewe baba, wewe mama mwenye nyumba, wewe mlevi. Siku ya tatu kila mtu ameshakariri maneno yake na hakuna anayemtazama mwenzake. Mimi naamini kazi ianze kabla ya maneno, na kwa miaka 30 kikundi cha SITI cha Marekani kilionyesha inavyowezekana. Kilianzishwa mwaka 1992 na mwongozaji Anne Bogart pamoja na Tadashi Suzuki wa Japani, kikafunga kazi mwaka 2022. Waigizaji wake, hata wale wakongwe, waliendelea kufanya mazoezi ya mwili pamoja. Haya ndiyo ningependa mchukue kwao.

1. Anzeni na miguu

Mwaka 1976 Suzuki aliliacha jiji la Tokyo, akahamia kijiji cha Toga kule milimani kwenye theluji nyingi, akageuza nyumba ya wakulima yenye paa la nyasi kuwa ukumbi. Mazoezi yake yanaanzia chini. Magoti yamekunjwa kidogo, kiuno kimetulia, na kila mtu anakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote kufuata muziki, kwa takriban dakika tatu. Kichwa hakitikisiki. Mabega hayapandi. Muziki ukikatika, wote wanaanguka chini na kulala kimya. Kisha inasikika filimbi ya mwanzi ya Kijapani, nao wanainuka polepole mno, jasho linawatiririka, na hawaruhusiwi kuhema ovyo.

Kukanyaga kunachosha, lakini mtihani uko kwenye kuinuka. Hapo ndipo unaona nani ameushika mwili wake na nani ameachwa nao. Mcheza ngoma atajisikia nyumbani miguuni, kisha atapata tabu juu, maana hapa mabega na kichwa vimenyimwa mdundo. Sakafu ya saruji itawaumiza magoti, kwa hiyo tafuteni ya mbao. Mkiikosa, kanyageni kwa dakika moja tu na msivimbe kichwa.

2. Rukeni pamoja bila kuhesabu

Simameni duara, kisha kimbieni taratibu mkifuatana. Pasipo mtu kutoa amri, wote mgeuke upande wa pili kwa wakati mmoja. Baadaye wote mruke, na mtue kwa kishindo kimoja. Halafu wote msimame.

Mwanzoni mtasikia vishindo sita, vya watu sita. Daima yupo mmoja anayetaka kuongoza, na yupo anayesubiri aongozwe. Waambieni wote wawili walegeze macho, watazame kundi zima badala ya kumkodolea mtu mmoja. Ipo siku mtatua mara moja, pu!, na ukumbi mzima utanyamaza. Usiwapongeze kwa maneno mengi. Waambie warudie.

3. Tazameni umbali

Mary Overlie, mcheza dansi wa New York, alibuni katika miaka ya 1970 mbinu iitwayo Viewpoints, yaani mitazamo, akiigawa kazi ya jukwaani katika vipengele sita. Bogart na Tina Landau wakaipanua, na kwa upande wa mwili wakafikisha tisa: kasi, muda, mwitikio, kurudia, umbo, ishara, jengo mlimo, njia mnazochora sakafuni, na umbali kati ya mtu na mtu.

Chukueni kimoja kwa siku, na mkianza, anzeni na umbali. Waigizaji wasiofunzwa husimama hatua mbili au tatu kutoka kwa mwenzao, kama watu wanaozungumza kibarazani. Wawekeni pua kwa pua. Kisha kila mmoja kwenye kona yake ya ukumbi. Maneno ni yaleyale, "Umechelewa kurudi", lakini mara ya kwanza ni mapenzi au ugomvi, mara ya pili ni ndoa iliyokwisha.

4. Gawa viungo, kisha weka saa

Hapa ndipo onyesho linapozaliwa. Kundi dogo linapewa mada na orodha ya viungo, mfano: mtu mmoja aingie kwa kushtukiza, ndoo itumike kwa namna tatu, sekunde 15 wote watazame juu, na mstari mmoja tu wa maneno. Wapeni dakika 30, si wiki. Muda ukiwa mfupi watu hawapati nafasi ya kubishana nani ana wazo bora, wanasimama na kujaribu. Tazameni kazi zote siku hiyohiyo, na mwandishi wa mchezo akae pale na kalamu.

5. Mwiteni fundi wa sauti siku ya kwanza

SITI walimweka mbunifu wa sauti ndani ya mazoezi tangu mwanzo. Sauti inayoletwa siku mbili kabla ya onyesho inakuwa pambo tu.

6. Mwongozaji lazima aamue

Kushirikiana hakumaanishi kila jambo lipigiwe kura. Katika kitabu chake cha mwaka 2001, *A Director Prepares*, Bogart anaeleza kwamba kila uamuzi jukwaani una ukatili ndani yake: ukishasema kiti kikae hapa, umeua mahali pengine pote ambapo kingekaa. Nakubaliana naye. Kiti kikishawekwa, mwigizaji anapata kitu cha kushindana nacho, naye hutafuta uhuru wake ndani ya mpaka huo. Kinachochosha kikundi ni kiti kinachohamishwa kila jioni.

7. Fagieni sakafu wenyewe

Wote, nyota na mgeni, kabla ya kuvua viatu. Pembeni kabisa, karibu na ukuta, ndiko misumari hujificha.