Marobota kumi na moja chini ya kitanda

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Kojani. Mwezi wa tano 2024, redio zilipotangaza kuwa kimbunga Hidaya kinakwenda Mafia, baadhi ya waume zetu walikuwa dago, wamepiga kambi ya kuvua huko kusini. Wenyeji waliwahifadhi, wakarudi salama, alhamdulillahi. Sisi wanawake tukaona tusikae bure. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwachangishia watu wa Mafia na Kilwa, nikapata marobota kumi na moja ya nguo na shilingi 240,000. Mzigo haukuondoka. Kwanza boti zilisimamishwa, kisha tukasikia barabara ya kwenda Kilwa imekatika Somanga, kisha ndiyo hivyo tena, siku zikapita. Usiku mmoja mwanangu akashikwa na degedege. Nikachota 85,000 katika zile pesa, nikakodi boti ya kutuvusha na gari ya kutufikisha hospitali Wete. Sijazirudisha. Ilipokuja habari ya kimbunga cha Mayotte mwezi wa kumi na mbili, jirani akaniuliza mferejini: "Zile nguo zetu zilifika?" Nikamwambia zilifika. Tangu hapo nikiona wanawake wamekaa barazani nazunguka njia nyengine. Nguo zipo chini ya kitanda changu. Nizipeleke Mayotte?*

*Mwenye Deni, Kojani*

Mwanangu, hukuniambia mtoto anaendeleaje. Nadhani amepona, la sivyo usingekuwa na moyo wa kuhesabu marobota.

Hizo 85,000 tusizikuze. Mama gani wa Kojani angekaa na mtoto anayetetemeka, pesa ziko mkobani, akasubiri kupambazuke? Ungemwamsha mchangiaji yeyote usiku ule angekwambia chukua. Tatizo ni kwamba hata asubuhi hukumwambia mtu, na kimya hicho ndicho kilichokuja kukutoa ule uongo mferejini. Deni la pesa linalipika kidogo kidogo. Hilo neno "zilifika" linataka kurudishwa lote kwa siku moja.

Lakini nina ugomvi na wenzako pia. Pemba nzima wanawake wanajua kisanduku cha hisa cha vikundi vya akiba: kina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, na pesa huhesabiwa mbele ya kikao. Kwa hisa zenu hamumwamini mtu mmoja, hata awe mtoto wa sheikh. Ikaja michango ya maafa, mkampa mtu mmoja kila kitu, hata daftari hakuna. Hawakukutendea haki. Amana ya peke yako ni mzigo mzito, na mwenye shida usiku hawezi kujikopesha kwa uadilifu, kwa sababu mkopaji na mkopeshaji ni yeye yule.

Basi fanya hivi. Tafuta wawili miongoni mwa waliochanga, mmoja awe yule msemaji sana unayemwogopa. Waite chumbani, wavute marobota wenyewe, wahesabu. Wape 155,000 zilizobaki mkononi. Sema: "Themanini na tano nilimpelekea mwanangu hospitali, nitalipa kiasi hiki kila mwezi, na nilidanganya niliposema mzigo umefika." Usitie maelezo mengi. Kisha mwende watatu kwa sheha, naye ajue. Ilifaa ajue tangu siku ya kwanza. Zanzibar ina Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na mchango uliopitia kwa sheha una mahali pa kuulizwa.

Mayotte hapana. Kisiwa kile kiko chini ya Ufaransa, huingii na mzigo wako kama unavyoshusha Tanga. Na kimbunga Chido cha tarehe 14 Desemba kiliwaezua watu mapaa, kikawaacha wanahangaikia maji na chakula. Kanga zako zingewafaa nini? Baada ya tsunami ya 2004, nguo za msaada zilirundikana Aceh mpaka zikaoza. Waliozituma walikuwa na huruma kama yako, ila hawakumuuliza mtu.

Nyinyi mna wa kumuuliza, jambo ambalo mashirika makubwa hulitafuta kwa gharama. Waume zenu wana wenyeji wao wa dago, wanajuana kwa majina. Mwambie nahodha apige simu: nani hajaezeka bado, nani minazi yake imelala? Mafia wanaishi kwa nazi, na mnazi ulioanguka hauzai tena; mche mpya unangojewa miaka. Huenda wakasema mabati, huenda misumari, huenda wakasema wameshamaliza, ahsanteni. Hilo la mwisho likitokea, waliochanga ndio waamue pesa ziende wapi, pamoja na nguo. Kama wataka kuziuza zigeuzwe pesa, ni zao. Mambo ya thawabu na nia muulizeni sheikh, mimi si mahali pangu.

Wala msiache kuchanga. Mwaka 1872 kimbunga kiliilaza mikarafuu ya Unguja kikaisalimisha ya Pemba, na karafuu ikahamia kwetu. Tumekula miaka mingi kwa upepo uliompiga jirani, kwa hiyo hilo jina ulilotia chini ya barua si lako peke yako.

Kabla ya yote nenda mferejini, wakati yule jirani anangoja ndoo yake ijae. Atakuwa hana pa kwenda, na wewe pia.