Kitanda au Chumba? Kuchagua Malazi ya Melini Kabla ya Kulipa Nauli

Somo hili linamhusu msafiri anayelala majini. Kwa mkazi wa Kariakoo na mitaa inayoizunguka, jambo hili si la mbali kama linavyoweza kudhaniwa. Katika maduka ya Mtaa wa Msimbazi, wa Kongo na wa Uhuru wapo watu wenye wazazi au wateja Bukoba, na safari yao huwa ni basi au treni hadi Mwanza, kisha meli ya usiku kuvuka Ziwa Victoria. Meli huondoka Mwanza usiku, hupita Kemondo, na abiria huamka Bukoba. Kati ya kupanda na kushuka kuna usiku mmoja ambao msafiri ameulipia, na mara nyingi hajui hasa amelipia nini.

Neno "kabini" ndilo chanzo cha kutoelewana. Mnunuzi akilisikia hufikiri amekodi chumba. Mwuzaji anapolitamka, kwa kawaida anazungumzia kitanda kimoja ndani ya chumba chenye vitanda kadhaa. Mpangilio uliozoeleka katika meli za maziwa yetu ni huu: daraja la kwanza lina vyumba vidogo vya vitanda viwili, daraja la pili la kulala lina vyumba vya vitanda vinne au sita, daraja la pili la kukaa lina viti, na daraja la tatu lina mabenchi au viti, ambako mtu husinzia akiwa ameketi. Katika madaraja yote mawili ya kulala nauli inayotajwa dirishani ni ya mtu mmoja na kitanda kimoja. Anayesafiri peke yake kwa daraja la kwanza atamkuta mwenzake chumbani, naye hana haki ya kumwambia atoke.

Aliyewahi kupanda treni ya kati atalielewa jambo hili upesi, kwa kuwa tiketi yake humtofautishia waziwazi "Daraja la Pili Kulala" na "Daraja la Pili Kukaa". Wasafiri wa TAZARA nao wanajua kwamba chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne na cha daraja la pili vitanda sita, na kwamba wanaume na wanawake hupangwa vyumba mbalimbali, isipokuwa kundi moja likikinunua chumba kizima. Utaratibu huo wa treni una hekima ambayo msafiri wa meli anapaswa kuiulizia, kwa maana asidhani kwamba kila chombo kinaufuata.

Tuseme mama mwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo anampeleka mama yake mzazi Bukoba baada ya matibabu Muhimbili. Yumo pia mtoto wa miaka saba na kaka yake mama mwenye duka, aliyeombwa abebe mizigo. Mwana wa jirani anawakatia tiketi nne za "kabini" kwa simu. Wanapofika gatini Mwanza wanaambiwa kwamba bibi na mtoto wamepangwa chumba kimoja cha vitanda sita pamoja na abiria wengine, mama yuko chumba cha pili, na mjomba yuko upande mwingine wa sitaha. Kitanda cha bibi ni cha juu. Hakuna aliyeibiwa hata shilingi. Tiketi nne ni vitanda vinne, na vitanda vinne vimetolewa. Hata hivyo bibi mwenye goti lililofanyiwa upasuaji hawezi kupanda ngazi ya chuma usiku wakati meli inakwenda mrama, na anayemhudumia hayupo karibu. Kosa lilifanyika siku ile ya malipo, pale ambapo hakuna aliyeuliza lolote zaidi ya bei.

Maswali yenyewe

Uliza kwanza idadi: chumba hiki kina vitanda vingapi, na nauli hii ni ya kitanda au ya chumba? Swali hilo moja huondoa nusu ya malalamiko. Kisha uliza kama mnaweza kununua vitanda vyote vya chumba kimoja, na kama namba za vitanda zitaandikwa kwenye tiketi. Familia ya watu wanne ikiingia chumba cha vitanda vinne, mlango hufungwa na usiku huwa wa amani. Familia ya watu watatu ikakutana na chumba cha vitanda vinne, wapige hesabu: wakati mwingine kulipia kitanda kimoja kitupu ni nafuu kuliko kupanda daraja la juu, na wakati mwingine sivyo. Ikiwa hamwezi kununua chumba kizima, ulizeni namna wanaume na wanawake wanavyopangwa, tena muulize kabla ya kulipa, kwa sababu mke na mume wanaotaka kukaa pamoja na mwanamke asiyetaka kulala chumba kimoja na wanaume wasiomhusu wote wana haja halali, ila haja zao zinapingana.

Juu ya mtoto, msiridhike na jibu la "analipa nusu". Nusu nauli haimaanishi daima kitanda kizima. Yawezekana mtoto anatarajiwa kulala na mzazi wake kwenye godoro moja jembamba lililotengenezwa kwa mtu mzima mmoja. Ulizeni: nauli hii ya mtoto ina kitanda chake?

Halafu kuna suala la juu na chini. Vitanda vya melini ni vya ghorofa, kama vile vya shule za bweni, ila ni vyembamba zaidi na vimefungwa ukutani. Cha chini kinamfaa mzee, mjamzito, mtoto mdogo, mwenye kifafa, na mgonjwa wa kisukari anayeamka mara kwa mara kwenda haja. Hao wasikubali cha juu kwa kuona haya kumsumbua karani. Kwa maoni yetu, hata hivyo, kitanda cha juu kimesingiziwa mno. Kina joto zaidi, ni kweli, na taa huwa karibu na uso. Lakini hakuna abiria mwenzako atakayekigeuza kuwa benchi la kulia chipsi hadi saa sita usiku, na mkoba wako ukiuweka upande wa ukuta hauguswi kirahisi. Kijana mwenye afya anayesafiri peke yake akichague bila hofu, mradi ahakikishe kuna ngazi imara na kizuizi cha pembeni cha kumkinga asianguke.

Chumba kiko wapi?

Vyumba viwili vya nauli moja vinaweza kutofautiana sana. Chumba cha sitaha ya juu chenye dirisha linalofunguka kina hewa. Chumba cha ndani au cha chini, kisicho na dirisha, hutegemea feni au kipitishio cha hewa, na kikiharibika hakuna pa kukimbilia. Upande wa tezi mtetemo wa injini huingia mpaka kwenye mto. Upande wa omo meli hupanda na kushuka zaidi kwenye mawimbi, na kelele za mnyororo wa nanga zitakuamsha kila bandari. Katikati ya meli, karibu na usawa wa maji, ndipo chombo kinapotikisika kidogo zaidi, na mtu anayepatwa na kichefuchefu aombe huko, hata kama atakosa mandhari. Epuka pia mlango unaotazamana na choo cha pamoja, jiko au baa. Karani wa tiketi anaweza asijue yote hayo kwa kichwa, lakini ofisi huwa na mchoro wa meli, omba uonyeshwe.

Tusitegemee kumbukumbu za zamani. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilirudi ziwani mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu baada ya matengenezo makubwa. Aliyeipanda akiwa mwanafunzi asimwelekeze mtu leo kwa kukumbuka chumba alichokilala wakati huo. Kinyume chake, zipo meli ambazo umbo lake ni la kale kweli. Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikapitishwa bandari ya Dar es Salaam ikiwa vipande ndani ya masanduku, ikapelekwa Kigoma kwa reli na kushushwa majini mwaka 1915. Vyumba vya meli za umri huo vilikadiriwa kwa maisha ya watu wengine, na anayetarajia swichi ya kuchajia simu pembeni ya kila kitanda atapata alichokipata.

Jina lako kwenye orodha

Sehemu hii ni fupi lakini isomwe mara mbili. Tarehe 21 Mei 1996 asubuhi, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, ikiwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake wa abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo, na kwa sababu hiyo idadi kamili ya waliokufa haijapata kujulikana mpaka leo. Zipo familia ambazo hazikupata hata karatasi ya kuthibitisha kwamba mtu wao alikuwamo.

Kwa hiyo tiketi ya kitanda iliyoandikwa jina la mtu mwingine, hata iwe ya bei nzuri kiasi gani, isinunuliwe. Mtoto anayelala na mama yake naye aandikwe, hata kama hakulipiwa. Mkibadilishana vitanda au vyumba baada ya kupanda, mwarifuni mhudumu. Na kabla ya kuvua viatu, tazameni jaketi okozi ziko wapi chumbani, muhesabu kama zinatosha watu wote na kama ya mtoto ipo, kisha mmoja wenu atembee kutoka mlangoni hadi ngazi ya kupandia sitaha akihesabu milango njiani. Taa zikizimika, hesabu hiyo itakuwa mkononi. Begi kubwa lisiwekwe nyuma ya mlango.

Malipo na vishoka

Kariakoo ina mawakala waaminifu wa usafiri, na ina vishoka pia. Kishoka wa tiketi za meli hutambulikana kwa haraka yake: "vimebaki viwili tu, tuma sasa hivi." Hutaja namba ya simu ya mtu binafsi. Meli za kampuni ya serikali hulipiwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, na jina la taasisi huonekana kwenye simu kabla hujathibitisha. Likionekana jina la mtu, acha. Dai risiti, na tazama kwamba tiketi inaonyesha jina lako, tarehe, daraja, na inapowezekana namba ya chumba na ya kitanda. Ulizia pia masharti ya kuahirisha, maana ratiba za meli hubadilika kwa hali ya hewa au matengenezo.

Wachache kati ya wasomaji wetu hununua kwa mawakala safari za matembezi ya meli kubwa, kwa mfano zile zinazoondoka Dubai miezi ya baridi. Huko mtego ni wa namna nyingine. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja, ila imekadiriwa kwa watu wawili ndani ya chumba kimoja. Anayekwenda peke yake huongezewa malipo, na mara nyingine hulipa karibu sawa na wawili. "Chumba cha watu wanne" kwa kawaida ni kitanda kikubwa kimoja, ambacho hugawanywa kuwa viwili, pamoja na vitanda vya kukunjua kutoka darini au kochi linalogeuzwa kitanda. Watu wazima wanne wakiingia humo hawatakuwa na pa kuweka mguu. Na "chumba cha ndani" maana yake hakina dirisha kabisa.

Ukipewa kitanda tofauti na ulichokilipia, lalamika palepale kwa afisa wa meli kabla meli haijang'oa nanga, ukiwa na tiketi mkononi, na upige picha ya tiketi na ya chumba. Usiporidhika, andika malalamiko kwa kampuni. Masuala ya usafiri wa majini na usalama wa vyombo Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Ikiwa ulipotoshwa na tangazo au na maneno ya mwuzaji, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Malalamiko yenye tarehe, namba ya tiketi na picha husikilizwa mapema kuliko yenye hasira peke yake.

Zoezi

Rudini kwa familia ya Mtaa wa Kongo: bibi, binti yake, mtoto wa miaka saba na mjomba. Meli ina vyumba vya vitanda viwili daraja la kwanza na vya vitanda sita daraja la pili. Mjomba yuko tayari kukaa kwenye kiti. Fedha zinatosha vitanda viwili vya daraja la kwanza na kiti kimoja, au vitanda vinne vya daraja la pili, si zaidi. Andikeni mngenunua nini, nani angelala wapi, na maswali manne ambayo binti angemuuliza karani kabla ya kulipa. Kisha mpeni jirani aliyewahi kuvuka ziwa asome majibu yenu, na mumwulize mahali ambapo yeye angechagua tofauti.