Ngozi ya Bomba Isichubuke



Kiazi kilichochubuliwa na jembe huanza kuoza pale pale penye mchubuko. Bomba la chuma nalo ni hivyo hivyo. Ngozi yake ikichubuka, kutu huanzia hapo.

Magharibi ya Ziwa letu, katika mikoa ya Kagera na Geita, inapita njia ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443. Kati ya hizo, kilomita 1,147 ziko Tanzania. Kila kipande kina urefu wa meta 18. Vipande vilivishwa ngozi katika kiwanda cha Sojo, Wilaya ya Nzega, kilichozinduliwa mwaka 2024.

Kwa nini vivishwe? Mafuta ya Uganda huganda kama samli hata katika joto la kawaida. Ili yatiririke, yanatakiwa yawe na joto la nyuzi 50 au zaidi. Basi chuma huvishwa povu gumu la kutunza joto, na juu yake plastiki. Ngozi hiyo pia huzuia maji ya udongo yasifikie chuma. Mabomba mengine ya mafuta hupakwa utando hata ndani.

Kijana wako akipata kibarua cha mabomba, ayajue haya:

1. Kuinua. Tumia winchi na mikanda mipana. Mnyororo na waya huchubua. Ndoano ya chuma mdomoni mwa bomba huharibu utando wa ndani. Bomba lisiburutwe wala lisiangushwe. Mtu asisimame chini ya bomba lililoinuliwa.

2. Kuweka. Bomba lisilale juu ya mawe. Lilazwe juu ya mbao pana au viroba vya mchanga. Weka kabari pande zote mbili lisibingirike. Midomo ifunikwe, uchafu na maji visiingie. Likikaa muda mrefu, likingwe na jua.

3. Kusafirisha. Lori liwe na nguzo za pembeni, na mabomba yafungwe kwa mikanda. Utingo asipande katikati ya mabomba. Kabla ya kufungua mikanda, hakikisha nguzo zimesimama imara, na watu wakae mbali na ubavu wa lori.

4. Kusema. Hili ndilo kubwa. Umechubua bomba? Mwambie msimamizi papo hapo. Mchubuko ukionekana mapema huzibwa. Ukifukiwa, kutu italila bomba kimya kimya, na mafuta yatavujia shambani au kwenye maji tunayokunywa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nanyi wazazi, wakatazeni watoto kucheza juu ya mabomba yaliyopangwa. Kabari moja ikitoka, mabomba hubingirika, na mtoto hawezi kuyakimbia.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mnyororo haufai kuinulia bomba?
2. Kibarua anaogopa kufukuzwa, kwa hiyo anaficha mchubuko. Utamshauri nini? Na msimamizi je, afanye nini ili vibarua wasiogope kusema?
3. Mabomba ya maji kijijini kwenu yamehifadhiwaje? Nendeni mkayatazame.