Jino Likizibwa, Nuru Ifike Hadi Chini
Kijitabu cha elimu ya afya ya kinywa kwa wakaaji wa Uvira na kando ya Ziwa Tanganyika

Taa ya buluu ni ya nini?

Jino likitoboka, na tundu halijafika kwenye kiini penye mishipa ya fahamu, munganga wa meno anaweza kuliziba badala ya kuling'oa. Dawa ya rangi ya jino inayotumika sana ni kompoziti, yaani utomvu uliochanganywa na chembe ndogo sana za kioo. Huwekwa tunduni ikiwa laini. Ndani yake kuna kiungo kinachoamshwa na nuru ya buluu, na kikishaamka, utomvu hushikana na kuwa mgumu. Dawa nyingi huhitaji sekunde 20 hivi kwa kila tabaka, na tabaka la kompoziti ya kawaida lisizidi unene wa milimita 2.

Juu pagumu, chini laini

Nuru hupungua nguvu kadiri inavyozama ndani ya dawa. Kwa hiyo tundu refu likijazwa kwa mara moja, juu hukaza na chini hubaki laini. Munganga akigonga kwa chuma, atasikia pagumu. Mgonjwa naye ataondoka ameridhika. Lakini dawa ambayo haikuiva haishiki vizuri kwenye jino. Hupasuka au hulegea, vijidudu hupita pembeni, na jino huoza upya chini ya kizibo, mahali ambapo jicho halioni.

Yanayodhoofisha nuru

- Ncha ya taa kushikwa mbali na jino, au kuelekezwa upande.
- Mabaki ya dawa ya zamani kuganda kwenye ncha.
- Taa kuchakaa, au betri kuishiwa. Taa inaweza kuonekana inawaka vizuri kumbe nguvu yake imeshuka. Kipimo maalumu cha nuru ndicho kinachobainisha.
- Mgonjwa kugeuza kichwa. Mtoto atulizwe kwanza, ndipo taa iwashwe.
- Dawa ya rangi nzito, ambayo huhitaji muda zaidi.

Usiitazame nuru hiyo, kwani huumiza macho. Munganga hutumia miwani au kioo cha rangi ya chungwa.

Umeme ukikosekana

Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, na katika vijiji vya kuelekea Makobola, umeme hauaminiki. Taa ya betri inaweza kuchajiwa kwa nguvu ya jua. Hata bila taa, jino lina tiba. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ilianza njia ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine, kisha kuliziba. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994. Leo njia hiyo hutumia dawa ya kuzibia iitwayo glasi-ayonoma. Aina yake ya kawaida hukaza yenyewe kwa kuchanganywa, na hutoa floridi inayosaidia jino. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Kwa tundu kubwa la gego, kompoziti iliyoiva vizuri huwa imara zaidi. Lakini glasi-ayonoma iliyowekwa kwa uangalifu ni bora kuliko kompoziti iliyoiva nusu.

Muulize munganga wako

1. Dawa hii inakazwa kwa taa, au inakaza yenyewe?
2. Mtaiweka kwa matabaka?
3. Taa imepimwa lini?

Kuuliza hivyo si kumkosea heshima munganga.

Ukirudi nyumbani

Kama umezibwa kwa glasi-ayonoma, usitafune upande huo kwa saa moja angalau. Kama ulichomwa sindano ya ganzi, ngoja iishe ndipo ule, usije ukajiuma shavu. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Punguza kutafuna miwa na kunywa chai ya sukari mara kwa mara, na watoto wasilale na pipi mdomoni. Kizibo kikipasuka, au jino likianza kusisimka kwa maji baridi, rudi upesi.

Usingoje maumivu ya usiku. Tundu dogo halina kina, na nuru hufika chini yake kwa urahisi. Likizibwa mapema, jino hubaki mdomoni na kufanya kazi kwa miaka mingi.