Radio Iliyozaliwa Shuleni

Wako watu wanaosema kwamba radio ni kazi ya serikali na ya matajiri, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kusikiliza tu. Mimi sikubaliani nao. Hapa shuleni kwetu Jabe tumeunda chama cha radio, na tangu muhula uanze tunabishana juu ya jambo moja nitakalolitaja mbele. Kwanza yafaa tujue habari za wenzetu wa zamani.

Mwaka 1937 mapadre Wajesuiti wa Koleji Albert, katika mji wa Léopoldville, ndio Kinshasa ya leo, walianza kutangaza kwa mtambo wao wenyewe. Wakaiita Radio Léo. Wakati huo serikali ya Kongo ya Wabelgiji haikuwa bado na radio ya kutangazia watu. Radio Congo Belge ilianza mwezi wa Oktoba 1940, baada ya Ubelgiji kutekwa na Wajerumani. Hivyo koleji iliitangulia serikali kwa miaka mitatu.

Lakini na tuulize: ni nani aliyeisikiliza? Koleji Albert ilijengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu, na Radio Léo ilisema Kifaransa. Chombo cha kupokelea sauti kilikuwa ghali mno kwa mfanyakazi. Mpishi au mtunza bustani aliweza kusikia muziki ukitoka dirishani kwa bwana wake, lakini hakuna aliyekuwa akisema naye. Mwaka 1939 Mbelgiji mmoja, Jean Hourdebise, alifungua stesheni yake, Congolia, nayo ikaanza kuwatangazia Waafrika pia, kwa vipaza sauti vilivyowekwa mahali pa watu wengi. Vipindi vya Waafrika katika Radio Congo Belge vilianza Januari 1949, kwa Kilingala, Kikongo, Kiluba na Kiswahili. Hesabu mwenyewe: tangu 1937 ni miaka kumi na miwili.

Na sisi huku? Usumbura ilitawaliwa pamoja na Kongo, na Léopoldville iko mbali zaidi ya kilomita 1,500. Sauti ilitufikia kwa mawimbi mafupi. Mawimbi hayo hupanda juu sana, hugonga tabaka la hewa lenye umeme, kisha hurudi chini mbali na yalikotoka. Ndiyo sababu usiku husikika vizuri na mchana hupotea, au huwa kinyume chake, kwa kadiri ya urefu wa wimbi. Radio Usumbura ilianzishwa mwaka 1960 tu. Wajesuiti walikuwa wamekwisha kujenga koleji nyingine hapa kwetu, ile ya Saint-Esprit juu ya Kiriri, iliyopokea wanafunzi wa rangi zote pamoja, jambo ambalo si Wazungu wote walilipenda.

Sasa twende Marekani kidogo, maana huko kuna mfano unaotufaa zaidi kwa mfuko wetu. Mwaka 1936, katika Chuo Kikuu cha Brown mjini Providence, wanafunzi wawili, George Abraham na David Borst, walianzisha radio isiyo na mlingoti. Walitandika nyaya kutoka bweni hadi bweni, wakapitisha humo nguvu ndogo ya mtambo. Radio iliyokuwa karibu na waya ilisikia; ukienda nayo mbali kidogo, kimya! Wimbi lao halikuchukua nafasi ya mtu hewani. Mwaka 1940 vyuo kadhaa vyenye radio za namna hiyo viliungana kuwa shirika moja. Waliotangaza, waliotengeneza na waliosikiliza, wote walikuwa wanafunzi.

Hapo ndipo penye ubishi wetu. Tunayo maikrofoni, kikuza sauti kimoja cha zamani kilichotengenezwa na fundi wa mtaani, na kipaza sauti kimoja. Wenzangu wengine wanataka tuseme Kifaransa tu, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani, na kipaza sauti kielekee madarasani. Hoja yao ina nguvu. Mimi mwenyewe Kifaransa changu kinahitaji mazoezi. Lakini Jabe na Bwiza na Buyenzi ni mitaa ya Kiswahili na Kirundi, na mama anayetupikia maharage hajui Kifaransa. Radio ya shule isiyosikika jikoni pa shule hiyo hiyo, hiyo ni Radio Léo tena, bila hata mtambo wake.

Nimependekeza hivi: habari za masomo kwa Kifaransa, matangazo na hadithi kwa Kiswahili na Kirundi, na waya upite ukutani hadi jikoni. Tumepima kwa kamba: ni mita 64. Tulizonazo ni 40. Mwenye kipande cha waya nyumbani na akilete kwa katibu wa chama kabla ya Ijumaa.