Nani Alimfundisha Kubeti?

Somo: Mithali 13:11 na 13:20

Jumapili tulijifunza mambo mawili: mtu hufanana na wale anaotembea nao, na mali ya haraka haraka haikai.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Alipewa karo ailipe kwa M-Pesa, akaibeti yote. Tulipomkalisha chini, kila mtu alilaumu marafiki. Ni kweli, walimwonyesha mkeka ulioshinda. Ile mingine iliyochanika wakanyamaza. Lakini nilipomuuliza alianza lini, alijibu, "Mjomba, nilianzia hapa nyumbani."

Ndugu yangu alikuwa akimwita amchagulie timu, kwa sababu kijana anajua mpira. Siku moja akashinda, akachinja mbuzi. Mimi mchungaji ndiye niliombea hiyo nyama. Nyama tulikula wote; hasara alikuwa akiila peke yake, kimya. Kijana aliona mbuzi tu. Nimetubu mbele ya Mungu, na kijana mwenyewe ameniruhusu niwaeleze.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Chukua mechi 5, kila moja una nafasi nusu kwa nusu. Kushinda zote ni mara moja kwa 32. Kwa haki, dau la shilingi 50 lingelipa 1,600. Lakini kampuni ikikupa odi za 1.85 kwa kila mechi, utalipwa kama 1,080. Hiyo tofauti ndiyo biashara yao. Anayebeti kila siku anawalipa mshahara.

Wazazi, tufanye nini?

1. Linda laini yako. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini simu ikiwa na jina lako, haijui anayeishika ni mtoto. Badilisha PIN.

2. Sema hasara zako. Baba aliyebeti akapoteza, amwambie mwanawe ukweli. Ushuhuda huo una nguvu kuliko kiboko.

3. Jua marafiki zake. Wakaribishe nyumbani, mle pamoja, mzungumze.

4. Usimfukuze. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 alirudi kwa sababu alijua kwa baba kuna mkate.

Mpwa wangu sasa anafanya kibarua Jumamosi, anarudisha karo kidogo kidogo. Ndugu yangu analipa nusu. Amesema deni ni la wawili.

Swali la wiki: Je, mtoto wako amejifunza nini kwa kukutazama tu?

Tuombe: Bwana, tusamehe, utuponyeshe watoto wetu, ukianza na sisi. Amina.